Jinsi Viziwi Wetu Walivyoiona Kwaya

Mtu akistaafu kufundisha viziwi, jambo la kwanza linalomshangaza ni kelele za majirani. Nimerudi Newala tangu mvua za kwanza, na hapa nyumbani watu wanaitana kutoka shamba hadi shamba kana kwamba hakuna mwenye miguu. Mimi nikitaka kumwita mjukuu wangu, bado nakanyaga sakafu kwa kisigino. Hageuki. Sakafu yangu ni ya udongo, haipeleki habari.

Ninyi wenzangu mliochukua madarasa yangu Masasi mliniomba niwaandikie yale yasiyomo kwenye mitaala. Vyeo nimeviruka, havikuwa vingi. Nitaandika nilivyoanza na aliyenifunza kazi, halafu ile kadhia ya kwaya, maana naona siku hizi kila mtu anaisimulia kwa namna yake, na wengine wananiweka mahali ambapo sikuwapo.

Siku ya kwanza niliingia darasani na salamu. Nilikuwa nimetoka shule ya kawaida huko Mnyambe, nimezoea darasa lililofurika na sauti ya kulitawala. Nikasema, "Hamjambo, watoto!" Hakuna aliyeinua kichwa. Nikarudia kwa nguvu zaidi. Mkuu wa kitengo cha viziwi, Mwalimu Klemensi, alikuwa amekaa nyuma anachonga penseli kwa wembe.

"Mama Yusufu," aliniambia bila kuinuka, "utapasua koo bure. Piga mguu chini."

Nikapiga. Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja, vikaniangalia kwa namna ambayo sikuwahi kuangaliwa na watoto wa Mnyambe. Nikasahau nilichotaka kusema. Hata hivyo sikuwa najua namna ya kukisema.

Mwalimu Klemensi alikuwa mtu mrefu, mpole, mzaliwa wa upande wa Ndanda, na aliijua lugha ya alama zaidi kwa kukaa na viziwi kuliko kwa kuisomea. Jioni ile alinipa kioo kidogo cha kunyolea ndevu. "Nenda nacho nyumbani ukaujue uso wako. Huku uso ndio ubao, mikono ni chaki tu." Wiki iliyofuata alinijia tena, ameinamisha macho kwa heshima. Nilikuwa nafunga hijabu chini kwenye paji la uso, kama mama yangu alivyonizoesha. "Samahani sana, Mama Yusufu," akasema. "Naomba nyusi zako." Swali katika lugha ya alama linaulizwa kwa nyusi. Nyusi zikifunikwa, swali linageuka amri, na mimi wiki nzima nilikuwa nawaamrisha watoto wawe na kiu. Nikaipandisha hijabu.

Mengine aliyonifunza yaandikeni mahali. Usisimame mgongo dirishani, wataona kivuli kinachopunga mikono. Usiongee huku unaandika ubaoni. Kata kucha. Na usivae kitenge chenye maua makubwa, mikono inapotelea kwenye maua. Hili la mwisho lilinigharimu nguo tatu nilizozipenda.

Somoe aliletwa na mama yake na mjomba wake kutoka Chilangala, akiwa binti wa kama miaka kumi. Alikuwa na ishara chache za nyumbani: kula, njoo, mbuzi, korosho, fimbo. Zaidi ya hapo alikuwa hana lugha, ila alikuwa na jicho. Kipande cha mkaa kikimwangukia mkononi, ukuta haupumziki. Hakuchora nyumba na maua kama wenzake. Alichora watu wakiwa katikati ya jambo: mpishi anayekimbizwa na moshi wake mwenyewe, mwalimu wa zamu aliyesinzia na kengele mkononi. Lugha ya alama aliikamata upesi, na nadhani ni kwa sababu alikuwa ameshazoea kuwatazama watu kuliko watu wanavyopenda kutazamwa.

Sasa niseme habari za Mwalimu Gaspari. Alifundisha fizikia sekondari, na jioni aliongoza kwaya kubwa ya mjini. Aliamini kwamba muziki wa kale wa Ulaya, ule wa sauti nne na nota nyingi kama sisimizi, unaweza kuimbwa Masasi bila kupunguziwa hata nukta. Alikuwa sahihi, ila ulichukua muda. Siku moja ukawa tayari. Wageni wakaja kutoka Dar es Salaam na fidla zao, kinanda kikaazimwa, na onyesho likapangwa kwenye ukumbi wa shule yetu. Mwalimu mkuu aliagiza kitengo chetu kikae mabenchi ya mbele, wageni waone kwamba hatubagui. Mimi niliambiwa nisimame pembeni nitafsiri.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda. Kisha ukaja wimbo mkubwa wa mwisho, ambao maneno yake yote yalikuwa "Amina". Sauti ya nne wakasema Amina. Nikaonyesha Amina. Sauti ya tatu wakaingia na Amina yao. Nikaonyesha tena. Wakafuata wengine, kila kundi kwa wakati wake, juu na chini, na mimi mikono inakwenda kama mtu anayepepeta.

Somoe akaniashiria, "Wanabishana?"

"Hapana," nikamjibu kati ya Amina mbili. "Wanakubaliana."

"Mbona hawamalizi?"

Nikaonyesha Amina nyingine. Ikafika mahali Mwalimu Gaspari akainua mkono na muziki wote ukasimama ghafla, kabla ya Amina ya mwisho. Kumbe ndivyo ulivyoandikwa. Ukumbi ukawa kimya, watu wamebana pumzi. Lakini watoto wetu hawakuwa na kimya cha kukistahi. Walichokiona ni watu wazima wamesimama vinywa wazi, shingo zimevimba, na mbele yao mtu mwenye koti jeusi lenye mkia, mkono mmoja umemgandia angani. Wakacheka. Kicheko cha mtoto kiziwi hakina breki, kwa sababu mwenyewe hakisikii. Kililipuka mabenchi yote mawili, kikapiga bati, kikarudi. Fidla moja ikaanza kabla ya wakati, na ile Amina ya mwisho ikatoka vipande vipande.

Mwalimu Gaspari hakugeuka. Baadaye alimwambia mwalimu mkuu neno moja tu: "Wametudhalilisha." Na mwalimu mkuu akaamua kwamba kitengo kisiingie ukumbini kwenye shughuli yoyote mpaka itakapoamuliwa vinginevyo. Mnajua jinsi mambo ya namna hiyo yasivyoamuliwaga vinginevyo.

Jumatatu nilipofungua darasa, ubao ulikuwa umejaa. Somoe alikuwa ameamka mapema. Mwalimu Gaspari alikuwa mtu anayepigana na nyuki. Wapiga fidla walikuwa watu wanaojikata shingo kwa msumeno, taratibu, kwa nyuso za kuridhika. Mpiga kinanda alikuwa mama anayekanda unga huku akikanyaga panya chini ya meza. Sauti ya kwanza walikuwa vifaranga wanaosubiri kulishwa, na sauti ya nne wazee wanaopiga miayo msibani na kujaribu kuificha. Pembeni kulikuwa na mwanamke mwenye jasho, mikono mingi kama pweza, yote ikisema neno moja. Nilijitambua.

Nikachukua kifutio. Mwalimu Klemensi akaniwahi, akasimama mbele ya ubao muda mrefu, mabega yakimtikisika. "Tusifute," akasema. "Leo tufundishie hiki." Akawaambia watoto wasimame kama michoro ilivyo, mmoja awe fidla, mwingine kinanda, hawa vifaranga, hawa miayo. Somoe akashika rula, akawa Mwalimu Gaspari. Siku ile tulifundisha vitenzi vingi kuliko muhula mzima: kuanza, kuchelewa, kusubiri, kuvimba, kujifanya. Na Mwalimu Klemensi aliwapa kanuni moja, ambayo nawapeni ninyi pia kwa sababu inafaa hata kwenye vikao vya walimu: "Anayechekesha awe na uso mkavu. Akicheka yeye, wenzake wanakosa kazi."

Mchezo ukawa wa kila Ijumaa. Habari hazikai, zikafika sekondari. Ijumaa moja nikaona mtu amesimama dirishani na mkoba wa nota kwapani.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

"Marahaba," akajibu Mwalimu Gaspari. "Nasikia mna kwaya."

Akaingia. Watoto wakarukia madawati, Somoe akabaki peke yake mbele na rula yake. Mchoro ulikuwa bado ubaoni, umekarabatiwa mara kadhaa. Mwalimu Gaspari akausogelea.

"Huyu ndiye mimi?"

"Ndiye."

"Na hivi vidoa?"

"Nyuki, mwalimu."

"Nyuki," akarudia, kama mtu aliyetajiwa ugonjwa wake. Akatazama tena. "Muulize kwa nini mkono wangu wa kushoto ameuweka kiunoni."

Nikamuuliza. Somoe akajibu bila kusita, na mimi nikatamani kutafsiri kitu kingine.

"Anasema ulikuwa umeshika suruali."

Mwalimu Gaspari akageukia dirishani. Darasa lote lilikuwa linanisoma uso, na mimi sikuwa na uso wa kuwapa. Mwishowe akasema, "Mkanda ulikatika wimbo wa pili. Nilidhani hakuna aliyeona." Kona moja ya mdomo wake ikasogea. Nilimfahamu mtu yule kwa miaka mingi baada ya hapo, na sikuwahi kuona kona zote mbili zikisogea pamoja.

Akaweka mkoba chini, akasimama mbele ya watoto, akainua mikono. Wakainuka. Akaanza kuongoza, nao wakafumbua vinywa bila sauti. Mkono wake ukipanda, vinywa vinapanuka. Ukishuka, vinafifia. Akikunja vidole, vinafunga kwa mara moja, hakuna hata kimoja kinachochelewa. Aliongoza wimbo mzima, na darasani hakukusikika kitu isipokuwa nguo zake.

"Kwaya yangu hainiangalii namna hii," aliniambia akifuta jasho. "Wanaangalia karatasi."

Alirudi wiki iliyofuata, na wiki ya tatu akaja na ombi. Kwaya yake ilikuwa imealikwa kwenye tamasha la shule na kwaya huku Newala, na alimtaka Somoe aiongoze kwenye ile Amina.

"Watu watakucheka, mwalimu," nikamwambia.

"Walishacheka. Safari hii nataka nijue mapema watacheka wapi."

Ilibidi tuombe ruhusa nyumbani. Tulikwenda Chilangala mimi na Mwalimu Klemensi, msimu wa korosho umepamba moto. Kwetu uwandani mjomba ndiye mwenye neno juu ya watoto wa dada yake, na Mjomba Saidi alilitoa mapema. Mtoto likizo ile angebaki nyumbani moja kwa moja. Msimu una kazi nyingi, na jina lake alikwisha kujua kuliandika. "Mtu asiyesikia anasoma ili iwe nini?" alituuliza, na hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua.

Mama Somoe alikuwa kaketi kwenye kigoda, ananyonyoa korosho kwenye mabibo. Hakuinua macho aliposema.

"Mwanangu anachekwa tangu alipoanza kutembea. Watoto wa hapa wanamwita kwa nyuma makusudi, waone hageuki, wacheke. Sasa ninyi walimu mnataka kumpandisha jukwaani Newala, akachekwe na watu wengi zaidi?"

Mimi nilikuwa nimejiandaa kumjibu mjomba, sikujiandaa kumjibu mama. Mwalimu Klemensi ndiye aliyesema.

"Mama Somoe, njoo mwenyewe uone. Ukiona anachekwa yeye, panda umchukue. Mzigo wake nitaubeba mimi mpaka hapa, na sitakuja tena kuwasumbua."

Wakazungumza kwa Chimakonde, kaka na dada. Mjomba Saidi akakubali, kwa sharti moja: tamasha likiisha, mtoto anabaki. Tukapeana mikono. Tulipokaribia Newala Mwalimu Klemensi aliniangalia. Akasema tu kwamba begi la Somoe ni zito, ana vitabu.

Siku ya tamasha Newala iliamka na ukungu, kama kawaida yake. Mchana ukaondoka, uwanja wa shule ukajaa. Kwaya ya Mwalimu Gaspari iliimba wimbo wake wa kwanza vizuri, watu wakapiga makofi ya adabu. Kisha yeye mwenyewe akavua koti lake la mkia, akamvika Somoe, akaenda kusimama nyuma kabisa, mwisho wa sauti ya nne.

Koti lilimmeza mtoto. Mikono ilipotelea ndani, mkia ukagusa ubao. Akaitikisa mikono mpaka ncha za vidole zikatokeza, kwa uso mkavu kabisa. Watu wakacheka. Na hapo hapo, upande wa kulia wa uwanja, nikamwona Mama Somoe amesimama.

Alikuja akipasua watu. Mimi nilitoka nilipokuwa nikamfuata. Nilikuwa nimemzoeza Somoe mchezo ule, kila hatua, lakini hatua ya mama kupanda jukwaani haikuwamo.

Kule juu Somoe akainua mikono, Amina ikaanza. Sauti ya nne, ya tatu, ya pili, ya kwanza. Akaikata yote kwa kidole kimoja. Wote wakanyamaza isipokuwa Mwalimu Gaspari, aliyeendelea peke yake kama mtu aliyeachwa na gari. Somoe akamwendea mpaka mbele ya uso wake, akaweka kiganja nyuma ya sikio lake mwenyewe, akainama kusikiliza. Akasikiliza kwa makini sana. Kisha akawageukia watu, akatikisa kichwa: hakuna kitu.

Uwanja ulitazamana, watu hawajui kama kucheka kunaruhusiwa. Halafu ukapasuka.

Mama Somoe alikuwa ameshafika, mguu mmoja juu ya ngazi. "Wanamcheka," aliniambia. "Si nilisema? Wanamcheka."

"Mtazame yeye, Mama Somoe. Usiwatazame watu."

Somoe alikuwa amewaanzisha tena kwaya, na sasa aliwakatisha katikati ya neno, vinywa wazi. Akawaacha hivyo. Akaanza kukunja mkono wa koti, pindo moja, pindo la pili, bila haraka, huku waimbaji wazima na akili zao wamesimama wanang'ang'ania herufi A. Dada mmoja wa sauti ya kwanza akaanza kuyumba. Watu wakalia kwa kicheko. Somoe akageuka, akainua kidole kwao. Wakanyamaza, uwanja mzima. Akakishusha, wakacheka. Akakiinua tena, wakanyamaza. Ndipo akamwona mama yake kwenye ngazi. Uso haukubadilika hata kidogo, Mwalimu Klemensi alikuwa amemfunza vizuri, ila kidole kilikawia hewani.

"Ni yeye anayewafanya hivyo?" Mama Somoe aliniuliza.

"Ni yeye."

"Anajua kwamba wanacheka?"

"Anajua kabla yao."

Hakupanda. Aliteremsha mguu, akaketi pale pale kwenye ngazi kama mtu aliyefika kwake, akatazama mpaka Amina ya mwisho. Kama alicheka sijui. Nilikuwa nyuma yake.

Yaliyofuata mnayajua kwa sehemu. Lile katazo la ukumbini halikuondolewa, lilisahauliwa, ambayo ndiyo njia yetu. Mwalimu Klemensi alistaafu akaenda kulima. Mwalimu Gaspari aliendelea na nota zake, na kila mwaka alituletea koti lile la mkia lifuliwe kwa ajili ya mchezo. Picha za kufundishia mnazotumia sasa, zile ambazo watoto hawachoki kuziangalia, zimechorwa na Somoe, naye akija kuwatembelea msimpe kiti, mpeni ukuta.

Lakini sharti la Mjomba Saidi lilikuwa bado liko, na jinsi lilivyokwisha hakuna aliyewaambia, maana wengi walikuwa wamesinzia. Jioni ya tamasha basi la kukodi la kwaya lilikubali kuwapitisha Chilangala. Begi la Somoe lilikuwa miguuni pa Mwalimu Klemensi, tayari kubebwa. Mimi nilikaa nyuma ya Mama Somoe. Mbele yake alikaa mjomba, amegeuka, anaeleza mipango: kesho wataanza shamba la bondeni, mtoto ataokota na mama yake, na baada ya msimu itafikiriwa. Alisema onyesho lilikuwa zuri, hakulipinga. Akarudi kwenye shamba la bondeni.

Mama Somoe akanigeukia taratibu. Akaninong'oneza, ingawa Somoe, aliyekuwa kando yake, hasikii.

"Mwalimu, 'nyamaza' mnaisemaje kwa mikono?"

Nikamwonyesha. Akaijaribu chini, mapajani, mara mbili. Kisha akamgeukia kaka yake mkubwa, mwenye neno juu ya watoto wake, akaiinua mikono yake yenye madoa ya maji ya korosho, akamwambia.

Mjomba Saidi akabaki kinywa wazi. Somoe akamtazama mjomba, akamtazama mama yake, na kicheko chake kikawaamsha watu wote kwenye basi.